Siku Papa Télesphore Alipouona Moyo Wake

Katika chumba chetu cha kushonea, pale juu ya soko la Nyamugo, Papa Télesphore Namegabe alikuwa na kiti chake. Hakuna mwingine aliyekikalia, ingawa hakuwahi kumkataza mtu. Seremala alikitengeneza kwa kipimo cha mwili wake, kwa mbao nzito za mkaratusi, na sisi wengine tukijaribu kukikalia tulionekana kama watu waliokaa kitandani.

Mimi naitwa Charlène. Nilijifunza kushona kwake baada ya kuacha shule, nikabaki, na leo mashine yangu iko karibu na yake, upande wa dirisha. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa niliyaona, isipokuwa machache niliyoelezwa na yeye au na mke wake, Maman Adélaïde.

Alizaliwa Luhwindja, katika familia ya wachimba dhahabu. Yeye hakupenda mashimo. Alishuka Bukavu akiwa kijana, akajifunza kushona kwa masista, akawa fundi wa veste, makoti ya suti ya wanaume. Kama ulifunga ndoa hapa Kadutu, upande wetu wa mji, miaka ile, huenda veste uliyovaa mbele ya padri ilikatwa kwa mkasi wake. Jioni aliimba besi katika kwaya ya parokia, sauti nzito iliyotoka chini kabisa, hata mabenchi ya mbele yalitetemeka kidogo.

Alikuwa mtu mkubwa. Kwetu tumbo la mzee ni heshima: linawaambia watu kwamba nyumbani kwake kunapikwa, kwamba mke wake hana kinyongo, na kwamba watoto wake walio mbali hawajamsahau. Akiingia kanisani, watu walisogea bila kuombwa. Na kwa kuwa alijishonea nguo mwenyewe, hakuna kitu kilichomwonya. Mtu mwingine angebanwa na suruali, angekosa pumzi kwa kufunga kifungo, angejiuliza. Papa Télesphore alifumua tu mshono wa nyuma, akaongeza kipande, akapiga pasi. Kila mwaka kidogo.

“Bitambaa ya siku hizi ni mubaya,” alikuwa akiniambia. “Ukifua mara moja tu, imerudi.”

Nasi tulicheka, maana hakuna kitambaa kinachosinyaa kwa maji namna ile.

Kuhusu tansiyo, yaani shinikizo la damu, alijua. Miaka kadhaa nyuma, wauguzi walikuja parokiani baada ya misa kuwapima wazee, na muuguzi aliyemfunga mkanda wa kipimo mkononi alirudia kupima, akamwita mwenzake aje kuangalia. Walimpa vidonge. Alivimeza mpaka vikaisha, akajisikia vizuri kama alivyojisikia kabla ya kuanza, akasema amepona. Tansiyo haiumi. Jino likiuma unalishughulikia. Tansiyo inakaa nawe nyumbani kama mgeni mpole, hata unasahau kwamba yumo.

Dalili zilikuja polepole, na mji wetu ulizificha. Bukavu ni milima mitupu. Hapa kila mtu anahema akifika kwake. Papa aliposimama katikati ya ngazi za mtaa wetu kupumzika, alisalimia watu, aliuliza habari za watoto wao, na kila mmoja alidhani amesimama kwa ajili ya salamu. Usingizini alianza kuongeza mito, mpaka akawa analala karibu ameketi. Jioni alipovua viatu, niliona alama za soksi zimezama katika miguu yake kama uzi uliovutwa mno.

“Papa, miguu imevimba,” nilimwambia siku moja.

“Ni ya muzee, mutoto yangu. Ya muzee inavimbaka.”

Ilikuwa kiangazi, msimu wa harusi, na kazi ilikuwa nyingi. Maman Adélaïde alikuwa amevuka ziwa kwenda kisiwa cha Idjwi, kwao, kwa kilio cha kaka yake. Mchana mmoja alikuja bwana harusi, kijana mrefu jina lake Elysée, kujaribu veste na suruali yake. Veste ilikuwa bado na nyuzi nyeupe za kushikiza, na mkono mmoja ulikuwa haujaunganishwa vizuri. Papa Télesphore alipiga magoti kuweka alama ya chaki kwenye pindo la suruali.

Hakuinuka.

Nilidhani anatafuta chaki iliyoanguka. Kisha nikasikia pumzi yake. Ilikuwa fupi, na ndani yake kulikuwa na mlio wa maji, kama chungu kinachoanza kuchemka.

“Charlène,” alisema. “Mupepo. Fungua dirisha.”

“Dirisha iko wazi, Papa.”

“Fungua tena.”

Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na jasho lilidondoka kutoka kidevuni juu ya kiatu cha Elysée. Kijana yule alimshika kwapani akamketisha kwenye kile kiti chake, na Papa alipojaribu kujilaza nyuma, alishtuka akainama mbele tena, kwa sababu akilala hewa ilikata kabisa. Gari haifiki kwetu. Ni lazima ushuke ngazi mpaka barabarani. Kumbeba mgongoni hakuna aliyeweza. Basi Elysée aliita wanaume waliokuwa wakipakua magunia ya muhogo sokoni, wakaja, wakashika kiti, kila mmoja mguu mmoja wa kiti, wakakiinua pamoja na mwenyewe.

Ndivyo alivyoshuka, ameketi, juu ya mabega ya watu. Mbele alikwenda bwana harusi katika veste yenye nyuzi nyeupe, akisukuma watu pembeni. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza nyanya walidhani kuna sherehe ya mkubwa fulani, wakapiga vigelegele. Kisha kiti kikawafikia, wakauona uso wake, na vigelegele vikakatika midomoni mwao. Nilikuwa nyuma nimebeba viatu vyake, na sikujua kwa nini nimevichukua.

Hospitalini walimwekea hewa puani na dawa mshipani. Daktari aliyempokea aliitwa Docteur Eulalie, mwanamke mfupi, sauti yake ya chini, mtu anayesogeza kiti na kuketi kabla ya kuzungumza na mgonjwa. Alisema maji yamejaa kwenye mapafu kwa sababu moyo umeshindwa kuyasukuma. Dawa ile ilimfanya Papa akojoe mchana na usiku. Siku zilizofuata, miguu yake ilirudi kuwa miguu. Mifupa ya vifundo, ambayo sikuwahi kuiona tangu nimjue, ilijitokeza. Akalala chali. Akaweza kusema sentensi nzima bila kupumzika katikati.

Ziwa lilikuwa na mawimbi na Maman Adélaïde alikuwa bado hajapata chombo cha kurudi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza asubuhi ile walipompeleka kwenye chumba cha ekografi, ile mashine inayoonyesha picha ya ndani ya mwili.

Kilikuwa chumba kidogo chenye pazia zito. Docteur Eulalie alimwambia alale ubavu wa kushoto, akampaka dawa ya utelezi kifuani.

“Iko baridi kidogo, Papa. Unisamehe.”

Aliweka kifaa cha mashine chini ya titi lake la kushoto, akakizungusha taratibu, akibonyeza kutafuta njia katikati ya mbavu. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na ukungu wa kijivu tu. Halafu ukungu ukafunguka.

Sijui niseme vipi. Kulikuwa na kitu kinafanya kazi mle ndani. Kilijikusanya na kujiachia, kilijikusanya na kujiachia, na katikati yake vijipazia viwili vyembamba vilirushwa wazi na kufungwa, vikarushwa wazi na kufungwa, haraka, bila kugongana, bila kukosea. Mimi ni mtu wa mashine. Ninajua mashine ikifanya kazi inavyoonekana. Lakini mashine inasubiri mguu wa mtu. Kile hakikumsubiri mtu.

Papa Télesphore aligeuza shingo.

“Ile ni nini?”

“Ile njo roho yako, Papa.”

Hapa kwetu moyo na roho ni neno moja. Roho ndiyo inayopiga kifuani, na roho ndiyo ile anayoisema padri. Nadhani yeye alisikia yote mawili kwa mara moja. Docteur Eulalie alibonyeza kitu na sauti ikatoka kwenye mashine: shwaa-shwaa, shwaa-shwaa, kama mtu anayefua blanketi zito mtoni na hachoki.

“Ilianza wakati gani?” Papa aliuliza. Alinong’ona, kama watu wanavyonong’ona kanisani.

“Mbele uzaliwe. Mama yako pengine alikuwa hata hajajua muzuri kama eko na mimba. Haukukuwa na sura bado, haukukuwa na vidole. Roho ikaanza. Tangu ile siku haijasimama.”

“Hata wakati nilikuwa nalala?”

“Hata.”

“Na wakati ya vita?”

“Wakati ya vita njo ilikuwa inatumika sana.”

Nilimwona akifikiri. Wakati wa vita yeye na Adélaïde walitembea msituni upande wa Shabunda, watoto mgongoni, sufuria kichwani. Aliwahi kunisimulia safari ile, na kila mara alisifu miguu yake. Alisema ni miguu iliyowaokoa. Sasa alikuwa akiangalia kile kitu cha kijivu kikijikusanya na kujiachia, na machozi yalikuwa yakishuka ubavuni kwa pua yake, yakiingia kwenye mto, wala hakuyafuta.

“Ilikuwa inafanya hii yote,” alisema, “na mimi sikuijua. Hata siku moja sikuiambia asante.”

Docteur Eulalie hakucheka. Aliacha kifaa pale pale kidogo, ingawa nje ya mlango wagonjwa wengine walikuwa wakingoja. Kisha akasimamisha picha na kuonyesha kwa kidole.

“Sasa angalia hapa, Papa. Hii ni ukuta ya roho. Ilipashwa kuwa nyembamba kuliko hivi. Imenenepa.”

“Kunenepa ni mubaya? Si ni nguvu?”

“Ku mukono ya mutu ya kubeba magunia, ni muzuri. Roho hapana. Inakuwa na nguvu ya kukaza, lakini inasahau kulegea. Na ni wakati inalegea njo damu inaingia ndani. Ikikataa kulegea, damu inabaki ku mulango, maji inajaa mu mapafu. Njo ile ilikupata.”

“Ni nani aliinenepesha?”

“Tansiyo. Miaka yote roho ilikuwa inasukuma ku mishipa yenye imekaza, kama mutu anasukuma mulango yenye bengine banashikilia ku upande ingine. Na uzito ya mwili, Papa. Kila pahali ya mwili inaomba damu. Hii tumbo, roho njo inailisha.”

Papa Télesphore alishusha macho akalitazama tumbo lake, lililolala pembeni yake juu ya kitanda.

“Miye nilifikiri ni mimi naibeba,” alisema.

Kabla hajainuka aliuliza kama ukuta ule unaweza kurudi kuwa mwembamba. Docteur Eulalie alifuta mikono taratibu. Alisema kuna watu ambao hurudi kidogo, kama tansiyo ikishuka na kubaki chini, na kama mwili ukipunguza mzigo. Na kuna wengine ambao haurudi. Hakumwahidi.

Maman Adélaïde aliporudi kutoka Idjwi alimkuta mume wake nyumbani, ameketi mlangoni, mkono wa kulia umewekwa kifuani kushoto. Alidhani anaumwa. “Hapana,” alimwambia. “Ninaisikiliza.” Alimweleza aliyoyaona. Maman Adélaïde ni mwanamke wa vitendo, mtu aliyelea watoto kwa kuuza maembe na nanasi za kisiwani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni, akachukua makayabu, ule samaki mkavu wa chumvi aliokuwa akimpikia kila wiki, akampelekea jirani.

Ikaanza namna nyingine ya kuishi. Chumvi kidogo, vidonge kila asubuhi hata siku anayojisikia mzima, na bugali ndogo kiasi kwamba siku ya kwanza aliitazama sahani na kuuliza kama kuna mgeni wa kugawana naye. Kasiksi, ile pombe ya ndizi anayoipenda tangu ujana, aliiacha kwa sikukuu. Na kila asubuhi, kabla ya joto, walitembea pamoja. Mwanzoni waliishia kwenye bomba la maji la mtaa. Baadaye wakashuka mpaka soko la Nyawera na kupanda tena, yeye mbele, mkewe nyuma amejifunga kitenge. Vijana wa pikipiki waliwapigia honi wakidhani wanataka usafiri. Papa aliwapungia mkono. Alipochoka alisimama, na safari hii hakujificha nyuma ya salamu, alisema wazi, “Muningojee, roho inapumuzika.”

Mwili ulianza kupungua, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Papa Télesphore alifumua suruali zake ili azikaze. Vile vipande alivyokuwa ameongeza mwaka baada ya mwaka vilitoka kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vya rangi ambayo haipo tena dukani. Alivipanga mezani, akavitazama, akanipa nivitumie kwa mifuko ya ndani.

Lakini Kadutu ilikuwa ikimtazama pia. Hapa kwetu mzee akikonda, watu hawasemi amekonda. Wanasema amepewa kitu. Kuna sumu watu wanayoiita karuho. Wanasema mtu hupewa katika kinywaji, kisha anakauka polepole mpaka aishe. Wateja walianza kumwangalia kwa huruma. Kwenye kwaya walimwombea bila yeye kuomba. Mwishowe akaja rafiki yake wa besi, Tonton Stanislas, akafunga mlango wa chumba chetu, akatoa chupa ya dawa nyeusi chini ya koti.

“Télesphore, ndugu yangu. Sema kweli. Ni nani alikupa kintu?”

“Hakuna mutu, Stani.”

“Unaisha. Kila mutu anaona. Hii dawa inatapisha. Ile ya ndani yote inatoka. Ilisaidia bibi ya ndugu yangu.”

“Stani, kaa chini.”

Stanislas hakuketi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitambua kwamba amelia njiani. Papa Télesphore aliinuka, akamshika mkono, akakifungua kiganja chake na kukiweka juu ya kifua, chini ya titi la kushoto.

“Ngoja,” alimwambia. “Usiseme kintu. Ngoja tu.”

Walisimama hivyo, wazee wawili, mmoja na chupa mkononi. Niliacha kukanyaga mashine. Sijui Stanislas alisikia nini chini ya kiganja chake, lakini uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

“Inapiga,” alisema.

“Inapigaka tangu mbele nizaliwe. Yako vilevile. Miye niliiona, Stani. Niliiona na macho. Si karuho. Ni miye njo nimeamua kuipunguzia muzigo.”

Stanislas alirudisha chupa chini ya koti. Baada ya wiki alikwenda kupimwa tansiyo, na ilikuwa juu kuliko ya rafiki yake.

Nisiseme kwamba Papa alifanya kila kitu sawasawa. Ule mshangao wa chumba cha ekografi ulimshika hata ukampitisha mpaka. Aliwaza kwamba kama kupungua kidogo kunausaidia moyo, basi kupungua sana kutausaidia zaidi. Akaanza kuruka chakula cha jioni. Akaacha maharage, akaacha hata sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mashavu yakaingia ndani. Asubuhi moja alisimama haraka kutoka kwenye mashine, chumba kikamzunguka, akaushika ukuta. Mapaja yake yalikuwa yakitetemeka, na ngazi alizokuwa amezishinda zikamshinda upya. Maman Adélaïde alimshika mkono akampeleka kwa Docteur Eulalie siku ileile.

Nilikuwa nao. Daktari alimpima, akamgusa mapaja na mikono, akaketi.

“Papa, mimi sikukuomba ukauke.”

“Ulisema uzito inachokesha roho.”

“Nilisema mafuta ya tumbo. Mutu ya miaka yako akikaa na njaa, haipunguke mafuta peke yake. Nyama ya miguu inaenda nayo, na ikienda, kuirudisha ni kazi. Muzee akikonda bila nguvu anaanguka, na ugonjwa kidogo tu inamumaliza. Siye banganga, muzee akikonda sana tunaogopa, kama vile tunaogopa akinenepa sana. Kula maharage. Kula sambaza, kula mayai. Panda mulima yako. Mimi sitafute kijana mwembamba hapa. Ninatafuta muzee mwenye miguu.”

Alimpunguzia pia kidonge kimoja, maana kwa mwili uliopungua, dawa ile ilikuwa sasa inashusha tansiyo kupita kiasi. Tena alimwambia ajipime uzito mara kwa mara: ukipanda ghafla katika siku chache, hayo si mafuta, ni maji yanarudi, aje mbio. Maman Adélaïde alisikiliza kila neno kwa kutikisa kichwa, na tangu siku ile sahani ya jioni ilirudi mezani, wala hakuruhusu mjadala.

Alirudisha kilo chache. Alibaki mtu mwenye mwili, mviringo kidogo kiunoni, lakini alipanda ngazi akiongea. Besi yake ilipungua uzito kwa miezi fulani, kisha ikarudi na pumzi ndefu kuliko zamani.

Mvua zilikuwa zimeanza tena, mwaka uliofuata, daktari alipotaka kuuangalia ule ukuta. Safari hii tulikwenda watatu. Alipotaka kuvua shati, kifungo cha kwanza kilimponyoka mara mbili, yeye ambaye huingiza uzi sindanoni bila miwani.

Akalala ubavu. Ukungu ukaja, ukafunguka, na kile kitu kikawa pale, kikifanya kazi.

Maman Adélaïde hakuwahi kukiona. Alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, mkoba kifuani. Aliuachia mkoba ukaanguka. “Nyamuzinda,” alisema, jina la Mungu kwa Kishi, lugha ya nyumbani ya mume wake, ambayo huitumia pale tu Kiswahili kinapomwishia. Alisogea, akasogea tena, mpaka uso wake ukawa karibu na kioo.

Docteur Eulalie alipima. Alipima mara ya pili, akatafuta picha ya mwaka uliopita, akaziweka mbili pembeni. Mimi nilitazama mikono ya Papa iliyoshika chuma cha kitanda.

“Imerudi,” daktari alisema. “Si yote. Lakini imerudi. Angalia hapa, mbele ilikuwa hivi. Leo ni hivi. Na angalia vile inalegea.”

Hata mimi niliona. Ule ukuta mnene ulikuwa umepungua, na moyo, kila ulipojiachia, ulijiachia zaidi, kwa upana, kama mtu anayeketi baada ya kusimama siku nzima. Mzee wa miaka sabini na moja, na ndani yake nyama iliyokuwa imekazana miaka yote ilikuwa imekubali kubadilika. Daktari mwenyewe alibaki ameangalia. Alisema ameona wengine, lakini kila mara anasimama hivyo hivyo.

Papa Télesphore hakulia safari hii. Alikuwa anakitabasamia kioo.

Alipokwisha kujifuta na kufunga vifungo, Maman Adélaïde alikuwa bado hajatoka kwenye mashine.

“Docteur,” alisema. “Na yangu?”

“Una maumivu, Maman?”

“Hapana. Ninataka muzee aione.”

Docteur Eulalie alitazama mlango, akatazama saa ukutani, kisha akavuta pazia. “Haraka basi, Maman. Lala hapa.”

Mimi niligeuka nipokee mkoba na kitenge. Nilipogeuka tena, mzee alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa usawa wa kioo, na ndani ya kioo kulikuwa na moyo mwingine, mdogo kuliko wake, mwepesi, unaokwenda kwa mwendo wake mwenyewe. Vijipazia vyake vilikuwa vyembamba sana, kama karatasi ya sigara.

Aliuangalia bila kupepesa. Wameishi nyumba moja tangu mzee alipokuwa kijana anayejifunza kwa masista na mkewe binti wa Idjwi aliyekuja kuuza nanasi. Wamezaa, wamezika mtoto mmoja, wamekimbia, wamerudi. Alinyoosha mkono kana kwamba anataka kukigusa kioo, akauzuia njiani, akauweka juu ya nywele za mkewe.

“Adé,” alisema. “Ni hii njo ilikuwa inanifuata kule musituni?”

“Ni hii,” mkewe alijibu.

Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika na barabara ilitiririka maji mekundu. Hatukupanda gari. Tulipanda mlima taratibu, wao wawili mbele wameshikana mikono kama watoto wa shule, kitu ambacho wazee wa kwetu hawafanyi mbele ya watu, nami nyuma yao. Tulipofika Nyawera, Maman Adélaïde alisimama kuchagua parachichi, akazibonyeza moja moja, akagombana na muuzaji kuhusu iliyokuwa na doa. Papa alimngojea pembeni. Alikuwa akiwatazama watu wanaopita, wabeba mizigo, wanafunzi, askari wa barabarani, mama mwenye mtoto mgongoni, mmoja baada ya mwingine, akiwatazama hasa kifuani, upande wa kushoto, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.